Msaidizi wa duka la miwani: tulivyokosea mara ya kwanza



Wengi wenu mumetuuliza njiani na sokoni: "Yule binti wa duka lenu la miwani, mulimpata wapi?" Wengine wanauliza kwa sababu wana butike, mashini za kushona au mgahawa, na kazi imekuwa nyingi kuliko mikono. Juma hili tunajibu. Lakini hatuwezi kusema namna tulivyompata yeye bila kusema kwanza namna tulivyomkosea mwengine.

Kwa wanaotusoma mara ya kwanza: duka letu ni chumba kimoja kidogo hapa Butembo. Lilianza na meza ya miwani ya kusomea. Mtu akikaribia miaka 40, macho huanza kushindwa kazi ya karibu. Uzi hauingii katika sindano, mawe hayaonekani katika mchele, na telefone husomwa kwa kunyoosha mkono. Si uchawi, wala si adhabu, ni umri. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 duniani wana shida hiyo na hawajapata miwani inayowafaa. Hapa kwetu, wamama washonaji ndio waliokuja wa kwanza. Kisha mwenzetu mmoja aliyejifunza kazi ya miwani akaanza kupokea karatasi za daktari wa macho na kuagiza vioo vinavyokatwa kwa kila mtu. Hapo mikono yake miwili haikutosha tena.

Mtu tuliyepewa

Mara ya kwanza hatukutafuta mtu, tulipewa mtu. Mama mmoja, mkubwa wetu katika chama, alikuwa na mtoto wa dada yake. Kijana mwenye diploma ya Serikali, Kifaransa safi, shati safi. Mama akasema katika mkutano: "Mtoto wetu anakaa bure nyumbani, na ninyi munatafuta wageni?" Nani angefungua kinywa? Kijana alianza kazi juma lile lile. Hatukumwuliza swali hata moja. Hatukuandika karatasi yoyote. Juu ya mshahara tulisema tu, "tutaona mwisho wa mwezi."

Tuseme wazi: hakuwa kijana mbaya. Hakugusa hata franka moja ya duka. Aliamkia wazee vizuri. Lakini siku moja mwalimu wa shule ya msingi alileta karatasi ya daktari. Jicho la kuume, linaloandikwa OD, lilihitaji −1,00. Jicho la kushoto, OG, lilihitaji −2,50. Kijana alipoandika katika kaye yetu, akayageuza: la kuume likawa la kushoto. Vioo vikaja sawasawa na kaye, na mwenzetu akavilinganisha na kaye ile ile badala ya karatasi ya daktari. Hilo ni kosa la duka, si la kijana peke yake.

Mwalimu alivaa miwani, akasema anasikia kizunguzungu. Kijana akamjibu: "Itazoea tu, mwalimu."

Majuma matatu mwalimu alijaribu kuzoea. Alifundisha asubuhi, mchana analala na kitambaa cha maji juu ya paji la uso. Mke wake ndiye aliyekuja dukani, akafungua leso, akaweka ile miwani mbele yetu bila kusema neno. Mwenzetu aliipitisha katika mashini ya kupima vioo, akachukua karatasi ya daktari, na aibu ikatujaa sisi wote.

Tulimwuliza kijana. Akainamisha kichwa: "Mama, niliiona siku ya pili, nilipokuwa napanga makaratasi. Niliogopa kusema. Nilijua mutanifukuza."

Ndugu zetu, jibu hilo lilituumiza kuliko hasara. Tulinunua vioo vipya kwa feza za chama, zile tulizokuwa tumeweka kwa kuongeza mtaji wa wamama wauza unga. Lakini kijana alisema kweli: hatukumwambia hata siku moja mtu afanye nini akikosea. Tulimpa ufunguo wa duka, hatukumpa ruhusa ya kusema "nimekosea." Aliacha kazi mwenyewe kabla ya mwezi kuisha. Na yule mama mkubwa wetu hakuonekana katika mkutano kwa miezi miwili.

Mlango mmoja kwa wote

Mara ya pili tulikaa kwanza, tukakubaliana mambo mawili. La kwanza: mtoto wa jamaa ya mwanachama anaweza kuja, lakini anapita mlango ule ule na wengine. La pili: mama mwenye undugu naye hakai kati ya wanaochagua. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Kumpa mtoto kazi asiyoiweza ni kumtupa mbele ya watu.

Tulibandika tangazo mlangoni, tukatuma habari sokoni na katika kartie. Walikuja watatu: kijana aliyemaliza masomo ya biashara, binti-mkwe wa mwenzetu mmoja, na binti aliyekuwa akiuza uniti za telefone kando ya barabara. Hatukutaka kusikia maneno mengi. Tuliwapa kazi tatu ndogo, kila mtu peke yake.

Kazi ya kwanza: kunakili karatasi mbili za daktari. Moja ilikuwa ya kwetu, yenye OD na OG. Ya pili ilitoka Kampala, kwa sababu wafanyabiashara wetu wengi hupimwa macho huko wakienda kununua mali. Wale wa huko hawaandiki OG. Jicho la kushoto wanaandika OS. Hatukutegemea mtu ajue. Tulitaka kuona atafanya nini asipojua. Kijana wa biashara aliandika haraka, akaweka OS upande wa kuume. Binti-mkwe aliacha nafasi wazi, akanyamaza. Muuza uniti alisoma kila namba kwa sauti, akarudia, kama vile anavyomrudilia mteja namba ya telefone kabla ya kutuma. Alipofika kwenye OS akaweka biki chini: "Mama, hii sijui. Nikiandika bila kujua, mtu ataumia?"

Kazi ya pili: kusafisha miwani yenye vumbi. Wawili waliipangusa na nguo kavu. Lakini vumbi letu lina mchanga, na mchanga ukisuguliwa juu ya kioo unakikwaruza. Kwanza maji na sabuni kidogo, ndipo kitambaa laini. Binti-mkwe ndiye aliyeomba maji. Kwa kazi hiyo alishinda wenzake, nasi tuliandika hivyo.

Kazi ya tatu: mmoja wetu, mwenye umri, aliingia kama mteja, akasema kwa ukali, "Nipe ile yenye nguvu kuliko zote, nimechoka!" Wamama wengi husema hivyo, wakifikiri miwani ni kama dawa ya malaria. Lakini miwani ya kusomea yenye nguvu kupita kiasi inamfanya mtu alete kazi karibu sana na pua, na macho yanachoka. Mtu anajaribu kuanzia ile ndogo, akiwa ameshika kazi yake pale anapoishika kila siku. Kijana alimpa mama alichotaka. Binti-mkwe alicheka kidogo. Muuza uniti alivuta kiti: "Keti kwanza, mama. Ni kazi gani inakushinda? Kushona ao kusoma?"

Tukamchagua yeye. Hana diploma. Tulikwenda sisi wenyewe kuwaambia wale wawili, na kuwaeleza sababu. Binti-mkwe tulimwomba asitusahau, kwa maana mikono yake ni mizuri.

Karatasi na mipaka

Safari hii tuliandika. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kipindi cha kumjaribu mtu lazima kiandikwe, na kisipite miezi sita. Kwa mfanyakazi asiye na ufundi wowote, kisipite mwezi mmoja. Mukimchukua mtu bila karatasi, sheria inahesabu kwamba mumemwandika kazi bila mwisho, mpaka kuonyeshwe vingine. Saa za kazi zisipite 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Tukamwandikia miezi mitatu ya kujaribiwa, mshahara wake kwa tarakimu, siku ya kuupokea, na siku ya kupumzika. Tulikwenda pia kuuliza juu ya CNSS, kwa sababu mtu anayefanya kazi leo atazeeka kesho.

Chini ya karatasi tuliongeza mambo matano ya duka letu. Tunayaweka hapa, labda yatawafaa:

1. Msaidizi hapimi macho ya mtu na kumwandikia vioo. Hiyo ni kazi ya aliyeisomea.

2. Hauzi wala hashauri dawa ya matone, hata mteja akilia. Kuna matone yanayotuliza wekundu kwa haraka, kumbe mtu akiyatumia muda mrefu bila daktari yanapandisha mgandamizo ndani ya jicho na kuliua. Na maji ya majani pia hayatiwi machoni.

3. Mteja mwenye mambo haya hauziwi miwani, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo: jicho jekundu lenye maumivu makali; kuona kulikopotea ghafula; kuona mimuliko kama radi ao pazia jeusi; jicho lililopigwa ao kuingiwa na kitu; na mtoto mwenye weupe ndani ya mboni.

4. Kaye ya wateja haisomwi sokoni. Mama fulani akianza kupoteza macho, ni yeye atakayewaambia watu, si sisi.

5. Miwani haitoki dukani mpaka ilinganishwe na karatasi ya daktari yenyewe. Na ukikosea, sema siku ile ile. Anayesema kosa hafukuzwi kwa sababu ya kusema. Anayeficha ndiye anayejitoa kazini.

Hilo la tano tulimsomea mara mbili.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili

Asubuhi moja mwenzetu alimkuta binti amesimama mlangoni kabla ya saa ya kufungua. Uso umekauka. "Mama, jana niliandika vibaya. Umbali wa mboni za yule mzee ni milimita 63, nami niliandika 68. Nimeikumbuka usiku." Umbali huo kati ya mboni mbili ndio unaoonyesha katikati ya kioo iwekwe wapi, ukikosewa, mtu huvuta macho mchana kutwa na kichwa kinamwuma. Mwenzetu alipiga telefone kwa fundi. Vioo vilikuwa bado havijakatwa. Hatukupoteza hata franka.

Katika mkutano wa juma lile tulimsimamisha na kumshukuru mbele ya wote, kwa sababu ya kosa lake. Wengine walishangaa. Lakini aliyekumbuka mwalimu na leso ya mke wake alielewa.

Kulikuwa na jambo moja bado. Watatu kati yetu walikwenda kwa yule mama mkubwa wetu. Alitupokea, akatupa viti, akanyamaza sana. Kisha akasema, "Mulimtupa mtoto wangu." Hatukujitetea. Tulimwambia: "Mama, tulimpa kazi bila kumfundisha, tukamwacha peke yake na woga. Kosa hilo ni letu. Lakini mwalimu naye ni mtoto wa mtu." Alikaa kimya tena. Juma lililofuata alirudi mkutanoni, akakaa nyuma karibu na mlango. Hajarudi bado katika kiti chake cha mbele. Tunamwachia nafasi.

Basi, wewe unayetaka kuandika mtu kazi, liwe duka la miwani ao meza ya kushona: diploma ni nzuri, undugu ni mzuri, lakini mpe kwanza kazi ndogo asiyoijua, uone kama anaweza kusema "sijui." Kisha jiulize wewe mwenyewe kama nyumbani kwako mtu anaweza kusema "nimekosea" bila kutetemeka. Kama hawezi, hata uandike malaika, atajifunza kuficha.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kaye ya madeni: namna ya kumkumbusha jirani bila kuvunja ujirani. Mwenye swali ao ushuhuda alete katika mkutano, ao amwachie binti pale dukani. Ataandika, na atakurudilia kwa sauti.