KANISA LILILOGEUKA GEREZA

Wahenga walisema tembea uone. Muhula uliopita sisi wa kidato cha tatu tulitembea, na niliyoyaona yamenipa maoni ambayo naomba kuyatoa hapa bila woga, ila kwa heshima zote kwa walimu wangu. Maoni yenyewe ni haya: jambo jema, liwe dini au elimu, likiletwa kwa watu kwa lugha isiyo yao, hubaki kuta tupu.

Ziara yetu ilikuwa ya masomo ya dini na historia. Tulianzia Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Ndani ya kuta zile nene kuna magofu ya kanisa. Msidhani ni kanisa lenye mnara na kengele. Ni misingi tu ya mawe, na mtu mwenye haraka anaweza kuipita asijue. Hapo ndipo Wareno walipokuwa wakisali, mpaka Waarabu wa Omani walipoiteka ngome Disemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kwa Kireno kanisa huitwa igreja. Wataalamu wa lugha wanatuambia kuwa neno letu gereza limetokana na hilo. Kanisa likiwa ndani ya ngome, jina likahamia kwenye ngome yenyewe, na ngome nayo Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Yaani nyumba ya Mungu imekuwa nyumba ya wafungwa! Wareno walituachia meza, bendera na mvinyo, lakini hata neno kanisa hatukulipata kwao. Hilo latoka katika Kiarabu.

Sitaki kuwaonea Wareno. Mwaka wa 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye alikuwa amelelewa Goa na kubatizwa, aliwaasi na kurudi katika Uislamu. Miongoni mwa waliouawa kwa kukataa kuacha Ukristo walikuwamo Waafrika. Kwa hivyo wako ambao mbegu iliwaingia. Lakini Wareno walipoondoka, ibada nayo iliondoka.

Kutoka hapo tulipanda basi hadi Rabai. Huko habari ni nyingine. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe alifariki, na mtoto wao mchanga pia. Mtu mwingine angefunga virago. Yeye mwaka huo alikuwa akifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Naam, kadhi wa Kiislamu akimsaidia mhubiri wa Kikristo kutafuta maneno! Mwaka wa 1846 Krapf na mwenzake Rebmann walifungua kituo Rabai. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1850, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Leo pale kuna jumba la makumbusho, lakini pia kuna kanisa ambalo watu bado wanasali.

Najua mwenzangu atauliza, kwani Krapf mwenyewe alipata waumini wangapi? Wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole. Ni kweli kwamba watu walizidi baadaye, wakiwemo waliookolewa kutoka utumwani. Lakini kazi ya lugha ilikuwa imeshaanza. Mwingine atasema Wareno walishindwa kwa vita, si kwa lugha. Sawa, vita viliwanyang'anya ngome. Lakini sala ambayo watu wanaisema kwa lugha yao, mzinga gani utaipiga?

Hayo ni ya zamani. Sasa nije kwetu. Pale ngomeni tuliulizwa tungependa kuelezwa kwa lugha gani. Tukajibiwa na wakubwa wetu kwamba ni Kiingereza, maana ndicho cha mtihani. Basi tukasimama kimya kama yale magofu. Aliyeuliza swali ni mmoja tu, tena alitaka kujua choo kiko wapi. Kule Rabai maelezo yalitolewa kwa Kiswahili. Lo! Maswali yalimiminika hata dereva akaanza kupiga honi. Msichana mmoja ambaye darasani hafungui kinywa aliuliza kwa nini yule kadhi alikubali kusaidia kazi ya dini isiyo yake. Swali hilo tulibishana nalo ndani ya basi njia nzima, Waislamu na Wakristo, wala hakuna aliyekasirika.

Wanafunzi ni walewale, siku ni ileile. Kilichobadilika ni lugha tu.

Sisemi tukitupe Kiingereza. Mimi pia nakihitaji, na mtihani hauna huruma. Ninachopinga ni ile desturi ya shule nyingi ya kumvisha mtoto diski shingoni ati kwa sababu amesema Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili. Mwenye kuvishwa hajifunzi Kiingereza kwa hilo. Hujifunza kunyamaza. Tena sisi wa shule za kutwa tukifika nyumbani jioni, mama akituuliza tulichosoma tunashindwa kumweleza, kwa kuwa tulikariri maneno bila kuyameza.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza, ziara zetu zote zielezwe kwa Kiswahili, na maandishi ya mtihani tuyafanye darasani tukirudi. Pili, walimu wa historia na dini waturuhusu dakika kumi za mwisho wa kipindi tuulize kwa lugha tunayoiweza. Chama chetu cha Kiswahili kiko tayari kusaidia kutafuta istilahi, kama kadhi alivyofanya.

Elimu isipowekwa katika lugha ya mwanafunzi itakuwa kwake kama lile neno la Wareno. Itaanza kanisa, iishie gereza.