Vipande vya sare za harusi tusivitupe



Msimu wa harusi kila fundi anaujua: sare za upande wa bwana, sare za upande wa bibi, na kila shughuli ina kitambaa chake. Zikishakatwa, vipande vinajaa magunia, na magunia yanaishia jaani au motoni. Pamba huoza. Satini na shifoni nyingi za siku hizi ni polista, yaani plastiki, na mvua ikinyesha huteremka nazo mpaka baharini. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, lakini plastiki ya chini ya cherehani hatuioni.

Rai yangu ni hii. Bibi harusi, mwambie fundi akuwekee vipande. Kisha waite shangazi, mawifi, somo na shoga zako mshone pamoja shuka moja la kutundika ukutani. Kila mmoja achukue kipande cha shubiri, ashonee juu yake kitu cha kisiwani kwetu: jani la mkarafuu, kilua, asumini, mizizi ya mkoko. Watoto wakae karibu wajifunze majina ya miti wanayoanza kuisahau.

Wapo watakaotaka kima punju, kwa kuwa asili yake ni kwetu tu. Nashauri tubaki na majani na maua. Wanavyuoni wengi wamekataza picha za viumbe wenye roho, na huenda shuka likatundikwa chumba cha kusalia.

Tenganisha pamba na satini, maana hazivutiki sawa. Roweka khanga nyekundu kwanza isije ikachuja. Nyuma weka khanga kuukuu ya mama.

Najua litakalosemwa: "Bibi harusi na viraka?" Kwetu kiraka kimekuwa fedheha. Lakini Bi Aisha, Mungu amwie radhi, alisimulia kuwa Mtume wetu (SAW) akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Kama sindano haikumshushia hadhi yeye, itatushushiaje sisi? La kuonea haya ni israfu.

Tena sindano ikiwa mkononi simu inakaa chini, na wasia wa wakubwa unasikika. Unayeolewa msimu ujao, usiondoke kwa fundi bila kumwambia: vipande vyangu nirudishie.