Staa Kageuzwa Mpakani, Aibu Iko Wapi?

Haya sasa, yule staa wetu wa Chake Chake na mkewe wametrendi wiki nzima. Fungate hiyo! Wakapanda boti Mkoani hadi Tanga, wakachukua gari kali, mapicha kibao: "Mombasa tunakuja!" Kufika Horohoro, wavuke waingie Lunga Lunga, wakageuzwa. Kadi ya gari ina jina la mtu mwingine na barua ya mwenye gari hawana.

Mitandaoni ni kicheko, eti gari la kuazima. Jamani, kuazima kuna ubaya gani? Magari mangapi mnayoyaona Insta ni ya wenyewe? Kosa la jamaa ni moja: inasemekana aliona haya kuomba barua, mkewe asijue gari si lake.

Wenzetu Ulaya wanatoka Ufaransa wanaingia Ubelgiji, breki hawakanyagi. Sisi bado: pasipoti, kadi ya gari, bima ya COMESA ile ya njano. Mpakani hawahesabu wafuasi, wanasoma karatasi.

Bi harusi kakosa fungate kwa sababu ya uongo mdogo tu. Aombwe radhi yeye kwanza, mashabiki watasubiri. Au nyie mnasemaje?