Gazeti la Ukutani Lirudi, Lakini Lirudi na Adabu

Naomba nafasi niseme neno juu ya ubao mmoja. Ubao wenyewe nyote mwaujua. Uko ukutani karibu na mlango wa bwalo, na tangu muhula wa kwanza hauna kitu ila pini zenye kutu na vipande vya karatasi zilizochanika. Hapo ndipo lilipokuwa likibandikwa gazeti letu la ukutani kila Jumatatu. Leo gazeti hilo halipo, na wenzangu wengine wasema afadhali. Mimi nasema halikustahili kufa, na nayasema haya nikijua kwamba aliyeliua ni mimi.

Kisa ni hiki. Juma moja maharage yalikuwa haba bwaloni, mchuzi mwingi na punje za kuhesabu. Jioni moja mwenzangu alimwona mpishi wetu mzee akitoka kwa lango la nyuma na baiskeli, gunia limefungwa nyuma yake. Wakati wa kujisomea usiku akanijia, akaninong'oneza. Nami nikayashika mambo mawili, gunia na maharage, nikayafanya habari moja. Usiku ule ule niliandika, na kichwa cha habari nikakiita "Maharage Yetu Yaenda Wapi?" Sikumtaja mpishi kwa jina, nikajiona nimetumia busara. Lakini niliitaja baiskeli, na jikoni mwetu mpishi mwenye baiskeli ni mmoja tu.

Jumatatu mchana wanafunzi waligonga sahani mezani na kumwimbia. Mzee aliendelea kupakua chakula bila kusema neno. Jumanne ikawa vivyo hivyo, na Jumatano pia.

Kweli yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya gunia lile mlikuwa na magunia matupu. Mfanyabiashara anayetuletea maharage huyadai magunia yake, na yasiporudi hutoza fedha. Mpishi alikuwa akiyarudisha, maana duka liko njiani kwake, na karatasi ya ruhusa ya mtunza stoo ilikuwa mfukoni mwake. Maharage yalipungua kwa sababu gari la vyakula lilichelewa. Haya yote mtunza stoo angaliniambia kwa dakika mbili.

Nilipelekwa kumwomba radhi. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba." Kisha akasema, "Mjukuu wangu, kila siku wapita mbele yangu na sahani yako mara tatu. Mbona hukuniuliza?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Gazeti likafungwa siku hiyo hiyo. Siwalaumu waalimu wetu, kwa maana mwenye nyumba akiona moto huzima kwanza. Lakini pana jambo moja lililobaki, nalo lanisumbua kila nipitapo penye ubao ule. Uongo wangu ulibandikwa ukasomwa na shule nzima. Masahihisho hayakubandikwa, kwa sababu Jumatatu iliyofuata hapakuwa na gazeti. Wako wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza ambao mpaka sasa wamwita mzee yule "Bwana Maharage," wala hawajui jina hilo lilitoka wapi. Basi nayaandika masahihisho hapa. Mpishi wetu hakuiba kitu. Habari niliyoiandika ilikuwa ya uongo, na kosa ni langu mimi niliyeiandika.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kufunga gazeti hakukufunga midomo. Muhula huu tumesikia kwamba bweni moja litahamwa, kwamba likizo itapunguzwa, na kwamba mwalimu fulani amepewa uhamisho. Hata moja halikuwa kweli. Yote yalipita kitanda kwa kitanda baada ya taa kuzimwa, na mwenye kuyaanzisha hakuonekana. Habari ya gazeti ikiwa ya uongo, yuko mtu wa kushikwa, mimi nilishikwa. Uvumi wa bwenini nani ataushika mkono? Hii ndiyo faida ya kwanza ya gazeti la wanafunzi: hulipa neno mwenyewe.

Wengine hudhani kwamba wanafunzi kuandika gazeti ni mchezo mpya tulioletewa. Sivyo. Ng'ambo ya maji haya tunayoyatazama kutoka ufukwe wa Dunda, huko Kiungani katika Unguja, chuo cha misheni ya UMCA kilianza kutoa gazeti la Msimulizi mwaka 1888, kwa Kiswahili, likiwapasha habari wanafunzi na waalimu waliotawanyika vituoni. Katika mwambao wetu huu, wakati wa Wadachi, gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka katika shule ya serikali ya Tanga. Baadaye, Januari 1923, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam, na watu wa wilaya mbalimbali wakawa wakipeleka humo habari zao, barua na mashairi. Marehemu Shaaban Robert ni mmoja wa waliotoa mashairi yao katika gazeti hilo. Basi twaona kwamba magazeti ya Kiswahili yamekaa karibu sana na shule tangu mwanzo.

Vyuo vikubwa navyo vina kisa chao. Makerere walikuwa na jarida la Penpoint, lililoanza mwaka 1958, na humo Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa hadithi zake za mwanzo akiwa mwanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi walianzisha jarida la Cheche mwaka 1969. Mwaka 1970 humo ilitoka insha ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka katika nchi yetu, nayo ilikuwa na jina lake mwenyewe. Mwaka huo huo Cheche likapigwa marufuku. Wako waliolipenda na wako waliolichukia, lakini hata leo wasomi wanalizungumza. Wale walifungiwa kwa ajili ya hoja zao. Mimi nilifungiwa kwa ajili ya gunia ambalo sikulifungua. Tofauti hii naomba wadogo zangu waifikiri sana.

Je, ili lisifungwe tena kwa aibu, yatupasa kufanya nini? Nitataja mambo machache niliyoyajua baada ya kuungua.

Jambo la kwanza ni kwenda. Habari haiandikwi kitandani. Ukisikia pampu ya maji imeharibika, nenda kwenye pampu, kisha nenda kwa fundi. Usirudi mpaka upate majibu ya maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na namna gani. Katika habari yangu ya maharage nilikuwa na "nini" nusu, na yaliyosalia niliyajaza mwenyewe.

Jambo la pili ni kumwuliza anayesemwa. Hata kama watu kumi wamekuapia, wa kumi na mmoja awe yeye mwenyewe. Akikataa kusema, andika kwamba amekataa. Wala usijifiche nyuma ya kutotaja jina, maana mtu hutambulikana kwa baiskeli yake kama kwa jina lake.

Jambo la tatu ni kutenga habari na maoni. "Maji hayakutoka Jumamosi na Jumapili" ni habari. "Wahusika ni wazembe" ni maoni, na maoni yana mahali pake na sahihi chini yake. Tukiyachanganya, msomaji hunywa maji na tope pamoja.

Jambo la nne ni usahihi katika madogo. Nimemsikia mwenzetu akiwaambia wageni kwamba Livingstone alifia hapa Bagamoyo. Livingstone alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, na maiti yake ndiyo iliyochukuliwa na akina Susi na Chuma mpaka Bagamoyo, ikafika mwaka 1874. Anayekosea jambo lililo wazi kama hili, nani atamwamini akiandika juu ya fedha za chama cha wanafunzi?

Jambo la tano ni masahihisho. Kosa likitoka, lisahihishwe mahali pale pale lilipotoka, kwa herufi kubwa zile zile. Kosa la ukurasa wa mbele lisiombewe radhi pembeni kwa herufi za sisimizi.

Najua wako watakaosema, "Sisi tumekuja kusoma na kufaulu mitihani, gazeti litatupotezea wakati." Nawaheshimu, maana mimi mwenyewe Novemba nafanya mtihani wa mwisho. Lakini nawauliza, mtihani wataka nini? Wataka mtu aelewe swali, apange mambo kwa utaratibu, na aandike kwa lugha safi bila kujaza kurasa bure. Anayeandika habari ya maneno mia moja kila juma, na mhariri akaikata mpaka sabini, amejifunza utaratibu huo. Tena si lazima mtu awe mwandishi wa magazeti. Atakuwa muuguzi, na atamwuliza mgonjwa kabla ya kuamua. Atakuwa karani, na atasoma hati kabla ya kugonga muhuri. Atakuwa baba au mama, na atamsikiliza mtoto kabla ya kumpiga.

Habari nazo hazitatupungukia. Mji wetu umejaa. Tumeshuka mara ngapi pwani penye mnada wa samaki, na nani kati yetu aliyewahi kumwuliza mvuvi kwa nini bei hupanda na kushuka? Nani aliyewauliza wazee wa mtaani kuhusu majengo ya zamani kabla ukuta haujaanguka na mzee hajaondoka? Kazi hizo ni bora kuliko kuandika kila juma kwamba mgeni alikuja, akahutubia, akapigiwa makofi.

Kwa hiyo naomba kwa heshima kwa Mwalimu Mkuu na uongozi wa wanafunzi. Gazeti lifunguliwe. Pawe na wahariri watatu kutoka Kidato cha Pili na cha Tatu, na mwalimu mlezi mmoja asome kila karatasi kabla ya kubandikwa. Barua isiyo na jina isipokelewe. Jina laweza kufichwa kwa wasomaji, lakini mhariri alijue.

Mimi mwenyewe siombi kuandika tena. Muda wangu hapa umekwisha, na nafasi hiyo ni ya wengine. Naomba jambo moja tu kabla sijafunga sanduku langu: karatasi ya kwanza itakayobandikwa katika ubao ule iwe ni masahihisho ya habari ya maharage, kwa herufi kubwa kama zile za kwanza, na jina langu chini yake. Nimekwisha kuiandika. Na safari hii, kabla ya kuiandika, nilikwenda jikoni nikamwuliza mzee kama kila neno lililomo ni sawa. Alinisahihisha mahali pawili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne