Saa Mbili za Kunyonyesha Atamdai Nani?

Kila Agosti, Wiki ya Unyonyeshaji inapowadia, tunahubiriwa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Sipingi. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mwajiriwa likizo ya siku 84, kisha hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Muuza vitenge wa Kariakoo, asiye na mwajiri, atamdai nani? Chuchu zikichubuka, matiti yakijaa na kuuma, duka la maziwa ya kopo li jirani naye kuliko muuguzi mwenye nafasi ya kuketi na kumwonyesha namna ya kumpakata mtoto. Halafu tunamwita mzembe! Wanaotoza ushuru Kariakoo watenge chumba sokoni, wamweke humo muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo.