Batri bila kobalti: Katanga itabaki na nini?

Moteri ya esanse na ya mazuti ingali inaendesha Lubumbashi: taksi-bisi, pikipiki, na majenereta wakati umeme unakatika. Lakini inje ya nchi gari za umeme zinaongezeka, na watu wengi wa Haut-Katanga na Lualaba wanahesabu kwamba moteri ya zamani ikikufa, kobalti ndiyo itawalisha. Hesabu hiyo iko na tundu.

Ni kweli, Congo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Ila si kila batri inaomba kobalti. Aina moja inachanganya nikeli, manganizi na kobalti. Inabeba nguvu mingi katika uzito kidogo. Ingine, inayoitwa LFP, inatumia chuma na fosfati, bila hata gramu moja ya kobalti. Ni nzito zaidi, lakini bei yake ni ya chini na haiwaki moto upesi. Mwaka 2024, karibu nusu ya batri za gari za umeme duniani zilikuwa LFP, China ikiwa mbele.

Hapo serikali inajikuta kwenye njia panda. Mwezi wa pili 2025 ilisimamisha kuuza kobalti inje, sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Mwezi wa kumi ikafungua tena, kwa kipimo: tani 96 600 kwa mwaka 2026, na vilevile 2027. Bei ilipanda. Lakini ikipanda mno, watengenezaji wa gari wanapata sababu ingine ya kukimbilia LFP.

Mwaka 2022 Congo na Zambia zilipatana kutengeneza batri pamoja, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapata kituo cha utafiti wa batri. Kiwanda kinachosemwa sana ni cha unga wa nikeli, manganizi na kobalti.

Shaba haina wasiwasi huo: gari ya umeme inabeba karibu kilo 83, ya esanse karibu 23. Litiamu ya Manono, kule Tanganyika, inaingia katika aina zote mbili. Ila kesi za makampuni ziliikawisha miaka mingi.

Kwa mchimbaji wa mkono wa Kolwezi, anayelipwa kwa kilo, hii si maneno ya wataalamu tu. Ni chakula cha watoto. Kabla ya jiwe la kwanza la kiwanda, wakaaji wana haki ya kuuliza: ni batri gani itatengenezwa, na nani atainunua?