Vyuo vya Marekani hupimaje vijana wa basketi, na sisi tuwashauri nini wazazi?



Zaidi ya mara moja tumepokea katika ofisi ya parokia ombi la namna moja. Mama anakuja na kijana wake wa miaka 15 au 16, mrefu kupita baba yake, viatu vimeanza kupasuka. Kwenye simu kuna video ya dakika mbili: kijana anaruka, anatia mpira ndani ya kikapu kwa nguvu, wenzake wanapiga kelele. Halafu inafuata habari ya mtu aliyeandika kwamba chuo kimoja cha Marekani kinamtaka, na kwamba zinabaki tu dola mia kadhaa za dosye. Mama anaomba mambo mawili: barua ya mchungaji na mchango wa kanisa.

Ombi hili si la kuchekwa, wala si la kuitikia amina haraka. Mahali petu, ambapo vita imefunga masomo na kutawanya jamaa nyingi, kila mlango unaofunguka unafanana na jibu la maombi. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza namna makocha wa vyuo vya Marekani wanavyompima kijana wa sekondari. Mzazi anayejua kipimo hadanganywi kwa urahisi.

Tumaini lina msingi

Tusiseme kwamba ni ndoto tupu. Marehemu Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa akaingia chuo cha Georgetown mwaka 1987 kwa bursi ya masomo, akiwa na nia ya kusomea utabibu. Kocha John Thompson alimwona na kumwalika katika timu. Mwaka 1991 alichaguliwa wa nne kuingia NBA, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake ilifunguliwa Kinshasa. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002, akaenda Marekani mwaka 2016 akiwa bado mtoto wa shule, na mwaka 2021 akachaguliwa wa saba. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alitajwa mwaka 2022 kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, akiwa Kentucky.

Vijana wetu wanayajua majina haya kuliko majina ya mitume. Lakini mara nyingi hawajui kitu gani kilitazamwa kabla ya majina hayo kujulikana.

Kocha anatazama nini

Kwanza, mwili, lakini si urefu peke yake. Wanampima bila viatu. Wanapima mikono ikiwa imenyoshwa pande zote mbili, na mahali inapofika akiinyosha juu, maana mwenye mikono mirefu hucheza kama mtu aliyemzidi kimo. Wanauliza urefu wa wazazi ili kujua kama bado anaota. Na wanauliza umri. Kijana wa miaka 15 na wa miaka 18 wakiruka sawasawa, kwa kocha hao si sawa hata kidogo.

Pili, ufundi. Kocha mzoefu hahesabu pointi tu. Anatazama mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo, kwa sababu pale hakuna anayemzuia na umbali ni uleule daima. Mkono mzuri au mbaya unaonekana wazi. Anatazama miguu wakati wa kulinda: je, kijana mrefu anaweza kusimama mbele ya mdogo mwenye mbio asipitwe? Anatazama kama anamwona mwenzake aliye wazi, na kama anarudi mbio baada ya kupoteza mpira.

Tatu, tabia. Makocha wanafika mapema na kutazama mazoezi ya kupasha mwili. Wanatazama uso wa kijana anapotolewa uwanjani, na namna anavyomjibu kocha wake. Wanapiga simu shuleni na kuuliza walimu.

Nne, anacheza dhidi ya nani. Pointi 30 mbele ya watoto wafupi hazisemi mengi. Ndiyo sababu makocha wa vyuo wanakwenda kwenye mashindano ya kiangazi, hasa mwezi wa 7, ambako timu za vijana zinazosaidiwa na kampuni za viatu kama Nike na Adidas zinakutana, wazuri kwa wazuri. Video ya dakika mbili inaweza kumfanya kocha aulize jina. Kabla ya kutoa bursi anataka kuona mechi nzima, pamoja na mipira iliyopotea.

Tano, masomo. Hapa ndipo wengi wa kwetu wanaangukia. Shirika la NCAA, linalosimamia michezo ya vyuo, linadai kwa ngazi yake ya kwanza masomo 16 ya msingi katika sekondari: lugha, hesabu, sayansi, elimu ya jamii, yote kwa alama za kutosha. Muda wa kuyamaliza unahesabiwa tangu mwaka wa tisa wa shule. Kijana anayerudishwa madarasa nyuma ili aonekane mdogo anaweza kukuta kwamba masomo ya miaka ya ziada hayahesabiwi. Buletini ambazo mama amezitia chini ya godoro zina thamani kuliko video.

Kipimo kinakosea

Kuna watu ambao kazi yao ni kuwapanga vijana kwa nyota, na wale bora kabisa hupewa nyota tano. Hayo ni maoni ya watu wenye uzoefu, na mara nyingi wanapata, lakini wanakosea pia. Stephen Curry alionekana mdogo na dhaifu. Virginia Tech, alikosoma na kucheza baba yake, haikumpa bursi, akaenda Davidson, chuo kidogo. Damian Lillard alipewa nyota mbili tu, akaenda Weber State, na mwaka 2012 alichaguliwa wa sita kuingia NBA.

Kosa linakwenda hata upande wa pili. Tshiebwe, baada ya kuwa bora wa vyuo vyote, mwaka 2023 hakuchaguliwa na timu hata moja ya NBA, akalazimika kuingia kwa njia ndefu ya mikataba midogo. Hakuwa amepungukiwa bidii. Wapimaji wa NBA walikuwa wanauliza maswali mengine, juu ya kimo chake kwa nafasi anayocheza na namna anavyolinda mbali na kikapu.

Tunakumbuka hapa habari ya nabii Samweli katika nyumba ya Yese. Alipomwona Eliabu, kimo chake kilimfanya aamini kwamba kazi imekwisha. Mtoto aliyetafutwa hakuwa hata ameitwa nyumbani.

Mlango umekuwa mwembamba

Kuna mabadiliko ambayo mawakala hawawaelezi wazazi. Tangu mwaka 2021 mchezaji wa chuo anaweza kuhamia chuo kingine bila kukaa mwaka mzima nje, na anaweza kulipwa kwa matangazo ya jina lake. Tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kugawia wachezaji sehemu ya mapato. Matokeo yake ni wazi. Kocha anayetaka kushinda mwaka huu anamchukua mtu wa miaka 22 aliyekwisha kujulikana katika chuo kingine, badala ya kumlea wa miaka 18. Nafasi katika timu ni kama 15 tu. Isitoshe, mgeni mwenye viza ya mwanafunzi amefungwa na sheria za kazi, na pesa hizo hazimfikii kwa urahisi kama mwenzake mwenyeji.

Hata Kuminga hakupita chuoni. Alichagua timu ya NBA ya kulea vijana iliyoitwa Ignite, na timu hiyo ilifungwa mwaka 2024.

Tuhesabu gharama, kama Bwana alivyofundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwa hesabu za NCAA yenyewe, wavulana zaidi ya 500,000 wanacheza basketi katika sekondari za Marekani. Wanaofika kucheza katika ngazi ya kwanza ya vyuo ni kama mmoja kwa kila 100. Na hao wako kule tayari, wanakula vizuri, na makocha wanawaona kila wiki.

Maswali kabla ya kutoa shilingi wala dola

Nani anaandika? Kocha wa kweli anaandika kwa anwani ya chuo chake, na jina lake liko kwenye ukurasa wa chuo. Mpigieni kwa namba ya chuo, si ile aliyowapa wakala. Ulizeni pia chuo kiko ngazi gani, kwa maana vyuo vya ngazi ya tatu ya NCAA havitoi bursi ya michezo kabisa.

Nani analipwa? Ada ya viza hulipwa kwa serikali, kwa njia rasmi. Haitumwi kwa simu ya mtu binafsi.

Karatasi iko wapi? Shule inayompokea mgeni lazima iwe imekubaliwa na serikali ya Marekani, na ndiyo inayotoa fomu ya I-20. Kwa viza hiyo, sekondari ya serikali haiwezi kumpokea mgeni zaidi ya miezi 12, tena gharama yote inalipwa. Anayeahidi miaka minne ya bure katika shule ya serikali hasemi kweli.

Atalala kwa nani? Waandishi wa habari wameeleza kwa miaka mingi juu ya vijana wa Afrika walioachwa na mawakala baada ya kuumia goti au kuacha kuota. Mzazi ajue jina la mlezi, azungumze naye, na amwone uso.

Umri ni upi? Hapa tunajisemea sisi wenyewe, wachungaji. Kuna wanaotuomba kupunguza miaka miwili kwenye karte ya ubatizo, na tunakiri kwamba si wote kati yetu waliokataa. Uongo mbele ya ubalozi unaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani kwa maisha yake yote. Kijana ndiye atakayebeba mzigo huo, wakati aliyetia sahihi amekwisha kusahau.

Yule mama tulimwandikia barua, yenye umri wa kweli na maneno mema juu ya kijana wake, kwa sababu anastahili. Tukamwomba yule mtu anwani ya kocha. Hakujibu tena. Mama alilia, na hatukuwa na neno kubwa la kumfariji. Pesa iliyokuwa imeanza kuchangwa tuliomba ilipe deni la shule, ili kijana afanye mtihani wa Serikali. Jioni bado anacheza kwenye kiwanja cha simenti kilichopasuka, na mwalimu wake wa hesabu anatuambia ameanza kukaa mbele.

Tunawaomba viongozi wa parokia: msikusanye sadaka kwa safari ya kijana kabla maswali haya hayajajibiwa. Na kijana mwenye kipaji msimvunje moyo. Tunzeni buletini zake, mwandikieni ukweli, na mwombeeni kwa jina.

Bwana awalinde watoto wetu.